Alisema Atakwambia Mwenyewe

Adventina,

Leo nimewafundisha Kidato cha Pili usemi wa taarifa, sehemu ile ya wakati ujao, na nimeshindwa kumaliza kipindi. Niliandika ubaoni sentensi ya mtu anayesema atafanya jambo kesho. Nikawaeleza kwamba tukitoa taarifa ya maneno yake, "will" inageuka "would", "tomorrow" inageuka "the next day", na "I" inageuka "she". Yote yalikwenda vizuri mpaka binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Madam, na kama huyo aliyesema amekufa kabla ya hiyo kesho?"

Darasa zima likacheka. Mimi nikasema nina kikohozi, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya matangi ya maji mpaka kengele ikalia.

Ndiyo maana nakuandikia. Miezi saba imepita tangu tukulaze pale kibanjani kwenu Muleba, kati ya migomba, na sijakuandikia hata mstari. Najua wapo wanaowaandikia marehemu wao barua za shukrani. Hii si ya shukrani, usije ukajiandaa bure. Nakuandikia kwa sababu nina wivu, na mambo yangu ya aibu nilizoea kukwambia wewe tu.

Nina wivu na Editha. Basi, nimeliandika. Ungekuwepo ungesema, "Leokadia, hilo nalo ni habari?"

Nianze na habari zenyewe. Mama yako hajambo, ila magoti. Upande wa barabara migomba yenu imeingiliwa na mnyauko, amekata mitatu na kuichoma, na anasema ungekuwepo ungemzuia kuinua panga. Senene walikuja kwa wingi mwaka huu. Watoto walifika shuleni wamechelewa, mifuko ya sketi imejaa, nami nikawaadhibu huku natamani waniachie kidogo. Ofisi ya walimu imepakwa rangi ya maji ya kunde, imekuwa kama ndani ya chungu. Mkuu wa shule alipanga meza upya baada ya rangi kukauka. Pale dirishani pako, unapoliona ziwa kama mvua haijashuka, amekaa Editha.

Hakuomba, nakiri. Aliambiwa akae akakaa. Lakini niliona alivyovuta kiti polepole kisitoe sauti, na nikamchukia kwa adabu hiyo hiyo. Afadhali angekivuta kwa kishindo.

Wivu huu una mizizi mirefu, Adventina, na mizizi yake umeipanda wewe. Unakumbuka siku tuliporipoti? Wewe kutoka Muleba na mkungu wa ndizi, mimi kutoka Kashozi na mkungu wa ndizi, kana kwamba Bukoba mjini watu wanakula mawe. Mkuu wa wakati ule akacheka mpaka akavua miwani. Tukapanga vyumba viwili Kashai, ukuta mmoja katikati, na ule ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya nakwambia "afya" nikiwa nimelala. Miaka kumi na mmoja tuliishi hivyo. Watu walidhani sisi ni ndugu, na hatukuwasahihisha.

Na ulikuwa na kaunta buku lako, lile nene la jalada jeusi. Mifano ya kitabuni hukuitaka, ya akina John na Mary wanaokwenda London. "John hajawahi kumenya ndizi," ulisema, "watoto watamwaminije?" Ukaanza kukusanya maneno ya watu wa kweli, yale wanayosema ofisini, sokoni, dukani, ukayaandika kwenye daftari na kesho yake yako ubaoni. Mimi ndiye niliyeliwa kwanza. Jumatatu moja napita nje ya darasa lako nasikia watoto wanakariri kwa sauti moja kwamba Leokadia alisema angemenya ndizi. "Leokadia said that she would peel the bananas." Na kweli sikuwa nimezimenya, ulizimenya wewe.

Tangu siku hiyo nilikuwa mfano wako. Leokadia alisema atarudisha mwavuli. Leokadia alisema hatakula tena senene wa kukaanga bila kitunguu. Leokadia alisema atakusamehe kesho. Yote kwa "would". Watoto wakanibandika jina, Madam Wudi, na nilikuwa nikilisikia nyuma yangu najifanya nimekasirika. Sikukasirika hata kidogo. Hakuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuyaona maneno yangu yanafaa kuandikwa.

Tuligombana pia. Mimi nilishika sheria kama katekista: "said" ikitangulia, "will" lazima igeuke, hakuna mjadala. Wewe ukasema hapana, kama jambo lenyewe bado liko mbele yetu, halijatimia wala halijashindikana, mtu anaruhusiwa kuiacha "will" kama ilivyo. Ukaniletea kitabu cha sarufi, nikakataa hata kukifunua. Ndipo ukanipa yale maelezo yako ya lugha tatu, ukiwa umeshika kisu na ndizi. Kiswahili, ulisema, hakijali. "Alisema atakuja", basi, ahadi inabaki mbichi vilevile. Ila ukisema "alisema angekuja", kila mtu anajua hakuja. Ndiyo maana watoto wetu wanaiogopa "would", wanadhani ukimpa mtu "would" umemwita mwongo. Kiingereza chenyewe hakimwiti mtu mwongo, kinaisogeza tu ahadi nyuma hatua moja. Na Kihaya chetu kinataka useme ni lini. "Ndaija", nitakuja leo au kesho. "Ndiija", nitakuja, lakini huko mbele, siku Mungu akipenda. Tofauti ni kasauti kadogo tu, na mtoto aliyekulia kibanjani anaijua kabla meno hayajatimia.

Nilikuwa najivunia kuwa mtu pekee uliyemweleza hayo. Baadaye nikamkuta Editha anayo kwenye andalio la somo, neno kwa neno.

Alikuja na begi moja na gitaa. Gitaa, Adventina! Wazazi wake Wahaya lakini amezaliwa na kukulia Mwanza; nyumbani walimsemesha Kihaya, yeye akajibu Kiswahili. Kihaya chake ni cha kusikiliza, na hata kusikiliza kwenyewe anasikia nyama, mifupa inampita. Mgeni njoo mwenyeji apone, tulisema siku ile na soda mkononi. Basi mwenyeji mmoja akapona, mwingine akaanza kuugua.

Ningependa kukwambia alikuwa mvivu. Hakuwa. Alikuja mapema, alifuta ubao wake mwenyewe, alisahihisha madaftari mpaka vidole vikawa vyekundu. Wewe ukampenda, na ulipokuwa unampenda mtu hukujua kuficha. Ulimfundisha kutafuna kahawa, kupika ndizi kwa maharage, kupanga somo. Chai ya saa nne ikawa ya watu watatu. Kisha siku moja napita nje ya darasa lako na daftari la mahudhurio kifuani, nasikia watoto wanakariri. "Editha said that she would chew the coffee beans."

Nilisimama pale koridoni. Nilijiona kama mtu aliyefika kwake akakuta ufunguo haufungui. Sentensi tu, utasema. Ndiyo, sentensi tu. Nilikwenda ofisini nikamwaga chai yangu dirishani, nikakwambia ilikuwa na chumvi.

Halafu ukaugua. Sitaandika habari za hospitali, unazijua kuliko mimi. Walikwambia ukapumzike nyumbani, na sote tulijua maana ya pumziko hilo. Ukaenda Muleba kwa mama yako. Mimi nikawa nakuja kila Jumamosi na gari la asubuhi. Editha yeye aliomba likizo yake ya mwaka mzima, yote, siku zote alizokuwa nazo, akaja kukaa nawe. Wazo hilo lilipaswa kuwa langu. Mpaka leo nikilifikiria naona aibu, si kwa sababu yeye alifanya, ila kwa sababu mimi sikuwaza.

Jumamosi moja nilikuja na ndimu nane kutoka Kashozi, maana uji wako nilijua unavyoutaka tangu Editha yuko shule ya msingi. Nikamkuta anakulisha. Akanigeukia kwa upole, "Dada Leo, siku hizi hapendi tena ndimu." Siku hizi! Nilikaa na ndimu zangu mapajani kama mtu aliyeleta zawadi kwenye nyumba isiyo yenyewe. Wewe ulitabasamu ukanishika mkono, na mkono wako ulikuwa mwepesi, nami badala ya kuushikilia nikawa namtazama Editha anavyoosha bakuli.

Sasa nifike kwenye Jumatano ile.

Nilikuwa nasimamia mitihani ya muhula. Simu ikaita saa sita, nikatoka nje. Ni Editha. "Dada Leo, shikamoo. Dada Adventina amesema hilo la daftari lake atakwambia mwenyewe." Nikamwambia sawa, nitakuja Jumamosi. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Haya, dada." Nikarudi ndani kusimamia mtihani.

Ijumaa kabla ya adhuhuri ukaondoka.

Siku ya mazishi nilikaa na mama yako juu ya nyasi, wanawake wametuzunguka, kahawa ya kutafuna inapita mkono kwa mkono. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, siku ile ya Jumatano mwanao alisemaje hasa? Alikuwa chumbani, alisikia kwa masikio yake. Akafuta uso akasema, "Ati ndamugambira. Alirudia mara mbili, waitu. Ndamugambira."

Unaelewa kilichonipata. Hukusema "ndimugambira", nitamwambia siku moja huko mbele. Ulisema ndamugambira, leo hii, au kesho, si zaidi. Ulikuwa unajua huna siku. Na neno lile likapita mdomoni mwa binti wa Mwanza, likatoka upande wa pili limekuwa "atakwambia". Atakwambia lini? Kiswahili hakikusema. Nami nikajipangia Jumamosi.

Niliinuka pale kwenye nyasi nikamfuata nyuma ya nyumba. Alikuwa anasugua masufuria ya msiba. Nikamuuliza, alisema ndamugambira au ndimugambira? Akanitazama, mikono imejaa majivu mpaka viwikoni. "Dada, si yote ni atakwambia?"

Nilimchukia, Adventina. Nilimchukia mbele ya masufuria, siku ya kukuzika. Nikajiambia: huyu amenyang'anya chai yetu, amenyang'anya sentensi, na sasa amenyang'anya neno la mwisho, tena hakujua hata thamani yake. Yeye alikusikia kwa masikio yake, usemi halisi, na alama zake za kufungua na kufunga. Mimi nikapewa taarifa.

Hivyo ndivyo nilivyolisimulia kwa miezi saba, na kila niliyemsimulia alisema pole. Wewe sitakusimulia hivyo. Ukweli ni kwamba ningeweza kuja Jumatano ile ile. Mkuu angeniruhusu, alishaniambia muda wowote. Mtu akikupigia simu saa sita mchana kukwambia mgonjwa ana neno lake, hata kwa Kichina unaelewa. Na ule ukimya wa Editha kabla ya "haya, dada" niliusikia vizuri sana. Sikuja kwa sababu sikutaka kufika ghafla nikakuta jinsi mnavyokaa wawili siku za katikati ya wiki, mimi nisipokuwepo. Nilitaka kuja siku yangu, nikiwa nimejiandaa. Nikakuacha ungoje mpaka wivu wangu upate nafasi. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi pole za watu nimezipokea zote.

Bado sijamaliza. Kuna la matanga.

Siku ya kuanua matanga mama yako alileta vitu vyako sebuleni. Vitenge vikaenda kwa shangazi, biblia kwa mdogo wako, redio akabaki nayo mwenyewe. Kisha akainua kaunta buku, amelishika kwa mikono miwili kama sinia, akauliza hili ni la nani, maana yeye hajui kusoma Kiingereza na asingetaka liwe la kufungia vitumbua. Ukoo mzima umekaa, walimu wenzetu wamekaa. Editha akasema taratibu, "Alisema atamwambia Dada Leo mwenyewe." Wote wakanigeukia.

Nikasimama. Nikasema, "Aliniambia. Alisema, 'Leokadia, daftari hili nitakuachia wewe.'"

Kwa maneno yako, kwa sauti yako, nilikaribia hata kuinamisha kichwa kama ulivyokuwa ukiinamisha. Mimi niliyekunyima "will" miaka yote kwa kufuata sheria, nikasimama msibani nikakutungia ya kwako. Mama yako akalia kwa furaha akaniwekea daftari mikononi. Editha alikuwa ndiye anayeshika simu yako siku zote za mwisho. Alijua kwamba tangu Jumamosi iliyotangulia hatukuzungumza hata neno. Aliinamisha macho, hakusema kitu. Nikalibeba daftari mpaka Kashai nimelikumbatia, na njia nzima najiambia kwamba haki imetendeka.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua ni fupi kiasi hicho. Jioni ile ile nikalifungua. Kurasa za mwanzo ni mimi tupu. Nilicheka, nikalia, nikakuta hata siku niliyosema nitajifunza baiskeli. Kisha Editha akaanza kuingia, sentensi moja moja kati ya zangu, kisha tukawa sawa kwa sawa. Nilifunua haraka, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Kurasa za mwisho mwandiko ukabadilika. Ni wa Editha, ule wa mviringo. Mkono wako ulikuwa umechoka, basi wewe ulikuwa unasema na yeye anaandika, na pembeni kuna masahihisho yako ya kalamu nyekundu, herufi zinayumba. Na ndani ya jalada la nyuma, kwa mkono wako mwenyewe, maneno manne yamepanda mlima: Editha aendelee kuanzia hapa.

Nililifunga nikaliweka chini ya gunia la maharage. Limekaa hapo miezi saba.

Kwa hiyo najua ulichotaka kuniambia. Ulishampa Editha. Jumatano ile ulitaka nije nilisikie kutoka kwako, leo au kesho, kwa sababu ulijua nikilisikia kwa mtu mwingine nitawaka. Siku za mwisho za maisha yako, pamoja na maumivu yote, ulikuwa unapanga jinsi ya kuubembeleza wivu wa Leokadia. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko daftari. Ulinijua hivyo tangu lini? Tangu chai ya chumvi? Na mbona hukuwahi kunicheka?

Leo nyuma ya matangi ya maji nikasikia hatua. Ni Editha, na kikombe. Watoto walikuwa wamemwambia Madam Wudi anakohoa. "Dada Leo, kunywa maji." Nikanywa. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kama siku ile ya matanga alijua daftari ni lake.

Akasema, "Nilijua."

"Mbona ulinyamaza?"

Akasema, "Alisema atakwambia mwenyewe, dada. Ningekwambia mimi, ingekuwa hakutimiza. Na nilijua kaandika huko nyuma kwa mkono wake. Nikasema ngoja, siku dada akifika huko, atakuwa kamwambia mwenyewe." Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Umeshafika?"

Nikamwambia bado.

Ndiyo. Nimedanganya tena, na maji yake yako mkononi mwangu. Akaitikia kwa kichwa, akachukua kikombe, akaenda kufundisha kipindi chake.

Miezi saba binti huyu ametunza ahadi yako ili isionekane imevunjika, na alichohitaji ni kungoja tu nifunue kurasa. Nilimdharau kwa sababu ya irabu moja ya Kihaya. Kumbe kasauti kale mimi nakajua na bado sikuja, yeye hakajui na amekungojea mpaka leo. Unaona ulivyochagua vizuri? Hata hilo linanitia wivu. Ulichagua vizuri, na hukunichagua mimi.

Munywani wange, rafiki yangu, nakuaga. Jua bado liko juu ya Kashai, majirani wanatwanga, na nimeshalitoa daftari chini ya gunia. Linanuka maharage, utanisamehe. Nilitaka kuzinakili sentensi zangu zote kwanza, nikapata hata daftari jipya, nikaandika tatu nikaacha. Nikizinakili nitakuwa namrudishia nilichokwisha kukila. Aende nazo zote, pamoja na baiskeli.

Jumamosi tutakwenda Muleba, mimi na yeye, na gari la asubuhi. Sijamwambia, nitamwambia kesho kabla ya kengele, kabla sijapata muda wa kufikiri. Mbele ya mama yako, na shangazi akiwepo, nitasema kwamba Adventina hakuniambia chochote, kwamba yale maneno niliyatunga mwenyewe kwa kuwa nilitamani sana ayaseme. Mama yako atalia tena, na safari hii si kwa furaha. Nitakaa nilione chozi hilo.

Wala usidhani nimepona. Wivu ninao, nimeamka nao, na hapa ninapoandika unanila. Nimegundua nikingoja uishe kwanza ndipo nimpe, daftari litaoza humu ndani na mimi pamoja nalo. Kwa hiyo nitampa nikiwa nao hivi hivi, mikono yangu ikikataa.

Lala salama, Adventina.

Wako,
Leokadia